Kujiundia ndege ya seti baada ya kustaafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mstaafu, au anayekaribia kustaafu, ambaye siku hizi anaangalia picha za ndege ndogo usiku badala ya kulala. Nimeyaandika kwa sababu nimechoka kuyarudia kwenye simu, na kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu jambo hili yanatoka kwa wauzaji. Mimi siuzi kitu.

Ndege ya seti ni nini hasa? Ni ya kuchezea?

La. Ni ndege kamili, inabeba watu wawili, mara nyingine wanne, na inapewa namba ya usajili kama ndege nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba kiwanda hakikuletei ndege, kinakuletea makreti: mabati ya alumini yaliyokatwa na kutobolewa, mbavu za mabawa, mabomba, mifuko ya ribiti (vipini vifupi vya chuma vinavyoshikanisha mabati) na bolti, pamoja na maelekezo ya kurasa mamia. Kuunganisha ni kazi yako.

Kampuni inayojulikana zaidi ni Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973. Ndege zake za RV zilizokamilika na kuruka zimepita 11,000. Wapo pia Zenith wa Missouri (mji wao unaitwa Mexico, usije ukatuma barua nchi nyingine), Sonex wa Wisconsin, Kitfox wa Idaho na Sling wa Afrika Kusini.

Njia ya zamani zaidi ni kununua michoro mitupu na kujitafutia kila kitu, mbao kwa mbao. Pietenpol Air Camper, ya mbao na kitambaa, ni ya mwishoni mwa miaka ya 1920, na hadi leo kuna watu wanaichonga. Ndege ya michoro inakula fedha kidogo na miaka mingi. Mstaafu ana fedha kidogo na miaka michache, kwa hiyo mimi namshauri achukue seti.

Sheria inaruhusu mtu kujiundia ndege nyumbani?

Katika nchi nyingi, ndiyo, kwa masharti. Marekani wanataka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na watu wanaojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, ndiyo maana utasikia watu wakitaja "kanuni ya asilimia 51". Kinachohesabiwa ni kazi za kutengeneza na kuunganisha. Uzito na bei havihusiki, na hakuna anayekutarajia utengeneze injini, propela, magurudumu au vipima mwenyewe.

Ukaguzi nao unatofautiana. Marekani mkaguzi huja rasmi mwishoni, ndege ikiwa imekamilika. Kanada wanataka kuona ndani ya bawa kabla hujalifunga. Uingereza, mkaguzi wa Light Aircraft Association, chama cha ndege ndogo, hufuatana nawe hatua kwa hatua na kutia saini. Kwa hiyo wasiliana na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako kabla hujalipa hata malipo ya awali, na uombe jibu la maandishi. Usikubali neno la muuzaji kwamba "hiyo inaruhusiwa kila mahali".

Popote ulipo, weka daftari la ujenzi: tarehe, saa ulizofanya kazi, ulichofanya, na picha ambazo sura yako inaonekana ukiwa umeshika kifaa. Picha za bawa tupu hazithibitishi kwamba ni wewe uliyelijenga.

Naweza kumlipa fundi anijengee, mimi nisimamie?

Kwa kanuni ya Marekani, hapana. Kuna msaada wa kulipia unaoruhusiwa, na kuna seti za haraka ambazo kiwanda kimeshafunga sehemu ya mabawa na kiwiliwili, lakini zaidi ya nusu lazima itoke mikononi mwa wajenzi wasiolipwa. Ukitaka kusimamia tu, nunua ndege iliyokwisha kujengwa. Hilo si jambo la aibu.

Nina miaka 63. Nimechelewa?

Hili ndilo swali lenyewe, na wengi huliuliza likiwa limevikwa maneno mengine.

Tuanze na hesabu. Ndege ya viti viwili ya alumini kama RV-7 kwa kawaida hutajwa kuchukua saa 1,500 hadi 2,000 za kazi. RV-12, iliyo rahisi zaidi, huchukua takriban nusu ya hizo. Mtu anayeajiriwa akiiba saa 10 kwa wiki, saa 1,500 ni wiki 150, karibu miaka mitatu. Mstaafu huona kwamba yeye ana wiki nzima, basi atamaliza kwa miezi minane. Hamalizi. Saa nne za kazi makini kwa siku ndizo mwili na macho ya mtu wa miaka 63 yanazoweza kutoa bila kuanza kuharibu vipande, na katika wiki kuna mazishi, kuna hospitali, kuna wajukuu walioletwa "kwa siku mbili tu". Miaka miwili hadi minne ni makadirio ya mtu mzima.

Sasa jiulize swali la pili: unataka kujenga, au unataka kuruka? Ukiwa unataka kuruka, na una miaka 63, tafuta ndege iliyotumika na uanze wiki ijayo. Ujenzi unamfaa yule ambaye asubuhi, chai ikiwa bado mkononi, anataka kwenda kuangalia kama gundi ya jana imekauka. Mtu wa aina hiyo hata akichukua miaka sita hajapoteza kitu, maana miaka hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Mwenye haraka ataichukia karakana yake kabla hajamaliza mkia.

Uamuzi unaofuata kutoka hapo ni huu: chagua muundo rahisi kuliko ule unaouota. Viti viwili badala ya vinne. Magurudumu yasiyokunjika. Muundo ambao mamia ya watu wameshaumaliza, ili ukikwama uwepo wa kumuuliza. Miradi mingi iliyosimama niliyoiona haikusimama kwa sababu ya uzee wa mwenyewe, ilisimama kwa sababu alichukua ndege ya kijana mwenye miaka ishirini ya kuchezea.

Na leseni? Na afya?

Kujenga hakuhitaji leseni ya urubani. Kuruka kunahitaji, na pia kunahitaji afya inayokubalika kisheria. Nchi kadhaa zimelegeza masharti kwa marubani wa ndege ndogo. Marekani, tangu Mei 2017 kuna utaratibu wa BasicMed: rubani aliyewahi kuwa na cheti cha afya cha anga baada ya Julai 14, 2006 anaweza kupimwa na daktari wa kawaida kila baada ya miezi 48 na kufanya kozi fupi ya mtandaoni kila baada ya miezi 24. Chini ya leseni ya michezo, ile ya urubani wa ndege ndogo, leseni ya udereva inaweza kutosha kama uthibitisho wa afya. Kuna mtego mmoja: rubani ambaye ombi lake la mwisho la cheti cha afya lilikataliwa hawezi kutumia leseni ya udereva kama mbadala. Ukiwa na shaka kuhusu moyo au sukari, pata ushauri wa daktari anayejua mambo ya anga kabla hujajaza fomu.

Jambo zito zaidi ni hili: usiache kuruka wakati unajenga. Wajenzi wengi huanza kubana matumizi, wanaacha kukodi ndege ya klabu, na miaka mitatu baadaye wanakabidhi ndege mpya, isiyojaribiwa, kwa rubani aliyeota kutu. Saa moja kwa mwezi, pamoja na mwalimu mara chache kwa mwaka, iingie kwenye bajeti kama ribiti zilivyoingia.

Nahitaji nafasi kiasi gani?

Gereji ya magari mawili inatosha kwa karibu kazi yote. Mabawa hujengwa moja moja na kuhifadhiwa wima ukutani kwenye kitanda cha mbao; kiwiliwili hubaki katikati. Ni mwishoni tu, wakati wa kuunganisha mabawa na kiwiliwili, ndipo unapohitaji banda la ndege uwanjani.

Pima mlango. Pima kona ya kutokea, pima ngazi, kisha pima tena ukiwa na kipande cha mbao chenye urefu wa kiwiliwili. Visa vya watu waliojenga chini ya nyumba wakalazimika kuvunja ukuta si hadithi za kutunga.

Taa nazo ni za muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Macho ya miaka sitini yanahitaji mwanga mwingi zaidi ya yale ya miaka ishirini, na mkwaruzo mdogo kwenye alumini hauonekani kwenye kivuli.

Sijawahi kushika drili. Nitaweza?

Utaweza, kwa sababu kazi ni ileile inayorudiwa maelfu ya mara. Nitaeleza ribiti moja, ile ya kugonga, ili ujue unaingia kwenye nini.

Mabati mawili yanalazwa pamoja na kubanwa kwa kleko, pini za chemchemi zinazoingia tunduni na kuzuia bati lisisogee. Za rangi ya fedha ni za tundu la inchi 3/32, za rangi ya shaba ni za 1/8. Unapitisha biti ya drili kwenye kila tundu, namba 40 kwa zile ndogo na namba 30 kwa zile kubwa. Kisha unatenganisha kila kitu ulichokwisha kubana. Naam, unatenganisha, kwa sababu biti imeacha makali membamba kuzunguka kila tundu, na makali hayo yakibaki kati ya mabati hayataruhusu yalale sawasawa, na ufa wa miaka ijayo utaanzia hapo. Unayaondoa kwa mkono, tundu kwa tundu, mzunguko mmoja au miwili mepesi. Ukizidisha unachimba tundu lenyewe. Kama kichwa cha ribiti kinatakiwa kilale sawa na bati, unabonyeza mdomo wa tundu uwe kisahani. Unapaka dawa ya kuzuia kutu. Unabana tena.

Sasa ndipo unapogonga. Bunduki ya upepo inakaa kwenye kichwa cha ribiti, na upande wa pili kuna kipande cha chuma kizito kilichoshikwa na mkono wako mwingine au na mwenzako aliyejikunja ndani ya mkia. Mlio mfupi, chini ya sekunde mbili, na ncha ya ribiti inapondeka kuwa kichwa cha pili. Kichwa hicho kinapaswa kuwa na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, na kimo cha nusu ya kipenyo. Kwa ribiti ya 1/8, ambayo ni milimita 3.2, hiyo ni upana wa karibu milimita 4.8 na kimo cha 1.6. Utapima mia za kwanza kwa geji, halafu jicho litazoea. Sikio nalo litazoea: ribiti inayokaa vizuri hubadilisha mlio inapomalizika.

Ikiharibika, inatobolewa na kuondolewa. Hapa pana hekima isiyo kwenye maelekezo ya kiwanda: ribiti iliyolala kidogo upande mara nyingi ni bora iachwe kuliko tundu lililopanuliwa na jaribio la tatu la kuiondoa. Kuna viwango vya mwisho vya kasoro vinavyokubalika. Vichapishe, vibandike ukutani.

Viwanda vingi huuza seti ndogo ya mazoezi, sanduku la vifaa au kipande cha usukani wa mkia. Nunua hiyo kwanza. Wikendi mbili zitakuambia kama unaipenda kazi au unaipenda picha ya ndege.

Kuna njia rahisi kuliko kugonga ribiti?

Ipo. RV-12, Zenith na Sonex hutumia zaidi ribiti za kuvuta, zile ambazo kifaa kimoja kinavuta msumari wa ndani kutoka upande mmoja na kazi imekwisha. Hazihitaji mwenzako ndani ya mkia. Kwa mwenye baridi yabisi vidoleni, au anayefanya kazi peke yake, hiyo ni sababu tosha ya kuchagua muundo.

Alumini, kitambaa, mbao au faibaglasi?

Kila moja ina wapenzi wake na hawasikilizani. Alumini ni safi, unaweza kuiacha katikati ya ribiti ukaenda kula, na kosa linaonekana kwa macho. Kitambaa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, kama Kitfox, kina raha yake: kitambaa cha poliesta kinabandikwa kikiwa kimelegea kisha kinakazwa kwa pasi ya moto, na kumwona mtu akipiga pasi bawa la ndege ni jambo la kushangaza wageni. Mbao zinamfaa seremala.

Faibaglasi na epoksi, gundi ya kuchanganya inayoigandisha, hutoa maumbo mazuri kuliko yote. Long-EZ ya mbunifu wa ndege Burt Rutan bado inaonekana ya kesho ingawa iliruka mwaka 1979. Lakini epoksi ina saa yake: ukishachanganya, huwezi kuiacha. Pia ngozi ya baadhi ya watu huikataa baada ya miezi ya kuigusa, na mwili ukishaikataa hauibadilishi nia. Glavu na hewa safi tangu siku ya kwanza. Vumbi la msasa usilivute, na dawa za kutu zenye kromati zina madhara ya saratani, hizo zipakwe na aliyevaa kinyago sahihi au zisipakwe kabisa. Vaa vizibo vya masikio pia. Bunduki ya ribiti ndani ya bomba la alumini haina huruma.

Injini ipi?

Kwa RV nyingi jibu la kawaida ni Lycoming: O-320 ya nguvu farasi 150 au 160, au O-360 ya 180. Ni injini kubwa, inayozunguka polepole, inayopozwa kwa hewa, na muundo wake ni wa zamani kiasi kwamba kila fundi wa ndege ameshaifungua. Kwa ndege nyepesi, Rotax 912 ya Austria: nguvu farasi 80 au 100, inazunguka hadi 5,800 kwa dakika na kupunguzwa kwa gia kabla ya kufika kwenye propela, na inakubali petroli ya magari.

Wapo wanaofunga injini za magari, Volkswagen na Corvair zikiwa maarufu. Nawaheshimu. Lakini huo ni mradi wa pili juu ya mradi wa kwanza, na mtu aliyestaafu anayetaka kumaliza anapaswa kufunga injini ambayo waliomtangulia wameshaifunga kwenye ndege ileile, kwa mabano yaleyale na mabomba yaleyale.

Kiinua mgongo changu kitatosha?

Sitataja bei, zinabadilika kabla wino haujakauka. Nitasema mpangilio. Seti ya kiwiliwili, mabawa na mkia, ambayo ndiyo bei inayoandikwa kwa herufi kubwa, mara nyingi haifiki nusu ya gharama yote. Injini, propela na vipima ndivyo vinavyomaliza mfuko, kisha vinafuata vifaa vya kazi, usafirishaji, ushuru, rangi, bima na kodi ya banda.

Kuna nafuu moja: seti huuzwa kwa sehemu. Unanunua mkia, unaujenga, unajijua, kisha unanunua mabawa. Ukiacha baada ya mkia umepoteza kiasi kidogo. Injini na skrini za dashibodi nunua mwisho kabisa. Injini iliyokaa sandukuni miaka mitatu imekula dhamana yake na inaanza kupata kutu ndani, na skrini itakuwa imeshapitwa.

Usitoe malipo makubwa ya awali kuliko unayoweza kuyasahau. Desemba 2023 hata Van's Aircraft iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na wateja waliokuwa na oda walitakiwa kukubali bei za juu zaidi ili oda ziendelee. Kampuni ilitoka salama mwaka uliofuata. Kama iliyo kubwa kuliko zote ilifika huko, ndogo nazo zinaweza.

Kuhusu bima, uliza mapema. Kampuni za bima huongeza masharti kwa marubani wakongwe, na umri huo utaufikia ndege ikiwa bado mpya.

Mwenzangu hataki kusikia habari hii.

Basi msianze. Saa 1,500 zinatoka mahali fulani. Wapo wenzi wanaoingia karakanani na kushika chuma upande wa pili wa bati, na wapo wanaotaka tu kujua chakula cha jioni kitaliwa saa ngapi; wote wawili wanafaa. Asiyefaa ni yule aliyeambiwa baada ya kreti kufika.

Naweza kuboresha michoro kidogo?

Kiti, zulia, rangi ya dashibodi, ndiyo. Mfumo wa mafuta, usukani, na chochote kinachobeba mzigo, hapana.

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alikufa baharini karibu na Pacific Grove, California, akiwa kwenye Long-EZ aliyoinunua muda mfupi kabla. Aliyeijenga alikuwa ameihamisha koki ya kuchagua tangi la mafuta kutoka mahali palipochorwa, mbele ya rubani, akaiweka nyuma ya bega lake la kushoto, bila alama za kuonyesha upande upi ni upi. Ili kuifikia ukiwa angani ulipaswa kugeuka kitini. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha kwamba katika kuihangaikia koki hiyo rubani alikengeushwa na kukanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, ndege ikamtoka mikononi. Mjenzi hakuwa mzembe, alikuwa na sababu zake za kuihamisha. Kila anayehamisha kitu huwa nazo.

Bolti nazo zina michoro yake. Bolti ya AN3, iliyo ndogo, inakazwa kwa nguvu ya takriban nyutoni-mita 2.3 hadi 2.8, kiasi ambacho mkono uliozoea matairi ya lori hauwezi kukikisia. Nunua spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, na kila bolti uliyoikaza uipige mstari wa rangi. Mstari ukivunjika, nati imezunguka.

Kabla ya kuruka, ninapima nini?

Uzito na kitovu chake, yaani mahali ndege inapojisawazisha: mizani mitatu, moja chini ya kila gurudumu, ndege ikiwa imesawazishwa. Fanya mwenyewe hesabu, kisha mpe mtu mwingine afanye bila kuona yako.

Mtiririko wa mafuta: inua pua kama ndege inapopanda, chomoa bomba mahali linapoingia kwenye injini, na upime kiasi kinachotoka kwa dakika. Kanuni inayofuatwa ni asilimia 150 ya matumizi ya injini kwa nguvu zote kama mafuta yanashuka yenyewe, 125 kama kuna pampu. Jaribio hili linachukua asubuhi moja na watu bado wanalikwepa. Injini nyingi zinazozima kwenye ndege mpya hazina ugonjwa wowote, zimekosa mafuta.

Nani airushe mara ya kwanza?

Aliye hodari kuliko wote miongoni mwenu, na kama si wewe, meza kiburi. Umejenga miaka mitatu, unaijua kila ribiti, na hiyo haikupi ujuzi wowote wa kutua ndege inayokuja kwa kasi zaidi ya ile ya klabu. Angalau chukua mafunzo kwa mwalimu kwenye ndege ya aina hiyohiyo, karibu na siku yenyewe.

Utafiti uliotolewa mwaka 2012 na bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani kuhusu ndege za kujiundia ulionyesha mambo ambayo wajenzi walishayahisi: kuzima kwa injini na kupoteza udhibiti ndivyo vinaongoza, ajali ni nyingi mwanzoni mwa maisha ya ndege, na anayeinunua ikiwa imetumika yuko hatarini kama aliyeijenga, hasa safari zake za kwanza. Mabawa kung'oka, ambako ndiko jirani zako wanakouliza ("Mzee, na hizo ribiti zikitoka?"), hakumo juu ya orodha.

Marekani ndege mpya hupewa kipindi cha majaribio katika eneo lililotengwa: kwa kawaida saa 25 kama injini na propela vimethibitishwa pamoja, saa 40 kama sivyo. Siku hizi unaweza badala yake kufuata mpango wa majaribio ulioidhinishwa, kazi moja baada ya nyingine. Abiria hawaruhusiwi; rubani wa pili mwenye sifa anaruhusiwa kwa masharti maalumu, na kwa mzee anayeruka ndege asiyoizoea naona masharti hayo yanastahili kutimizwa.

Matengenezo baada ya hapo?

Hapa ndipo mjenzi anapolipwa. Marekani aliyejenga anaweza kuomba cheti kinachomruhusu kufanya mwenyewe ukaguzi wa kila mwaka wa ndege hiyo moja. Cheti hakihami na ndege ikiuzwa.

Naweza kubebea watu kwa nauli?

Hapana.

Nikiugua au nikifariki kabla sijamaliza?

Andika karatasi moja na umwonyeshe mtu wa nyumbani: seti ni ya aina gani, namba yake, nini kimelipwa, nini hakijafika, nani kati ya wajenzi wenzako apigiwe simu kwanza. Weka lebo kwenye kila sanduku. Mradi wenye daftari kamili na vipande vilivyopangwa hupata mnunuzi. Usio na daftari huenda kwa bei ya vipuri, kwa sababu mnunuzi hawezi kuthibitisha kilichofanywa ndani ya bawa lililofungwa. Familia isiyojua huuza vifaa kimoja kimoja kwa wapita njia, na baada ya hapo seti haina thamani.

Nipake rangi kabla ya kuruka au baadaye?

Baadaye. Katika saa za mwanzo utakata, utaziba na kurekebisha kifuniko cha injini ili ipoe vizuri, na kila mkato kwenye rangi mpya unauma. Rangi pia ina uzito, na sehemu yake kubwa inakaa nyuma ya kitovu, kwa hiyo baada ya kupaka unarudi kwenye mizani. Nyuso za usukani nazo zisawazishwe upya kama mtengenezaji anavyoagiza, kwa sababu usukani uliozidiwa uzito nyuma unaweza kuanza kutetemeka kwa kasi hadi ujing'oe. Alumini tupu inaweza kuruka mwaka mzima bila neno. Sehemu za faibaglasi tu ndizo zisisubiri. Zipake koti la kwanza mapema, jua huzila.